Musemaji wa Filme na Jina la Mutumbula

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, chuma cha reli kilimwangukia baba mguuni, na taabu ikaanza. Baba alikuwa mfanyakazi wa njia ya reli. Siku ile ndiyo alikuwa mfanyakazi kwa mara ya mwisho, nami ndiyo nilikuwa mwanafunzi kwa mara ya mwisho. Niliacha shule katika darasa la nne, nikaanza kubeba makala, makaa ya kupikia, kichwani, kutoka upande wa Kasungami mpaka Kampemba, kata yetu hapa Lubumbashi. Kusoma nilikojua baadaye nilijifunza kwenye magunia na kwenye kuta za watu. Sisemi haya ili mtu anihurumie. Nilichonacho nimekijenga kwa mikono hii, na mwisho wa maneno haya nitakitaja chote. Lakini kwanza nataka kueleza juu ya mtu mmoja, na juu ya filme moja ya ovyo iliyonitia kichefuchefu.

Mtu huyo nitamwita Musemaji. Jina lake siliandiki. Kwanza halina haja, maana siku hizi Kampemba nzima inalijua, hata watoto wasioweza kujifungia viatu. Namna walivyolijua ndiyo habari yenyewe.

Zamani, Jumapili baada ya kula, sale ya paroasi yetu, ukumbi wa kanisa, ilionyesha sinema. Filme zilikuja na Kifaransa, nyingine na Kiitaliano, nyingine na lugha ambayo hata padri aliitikisia kichwa tu. Tena zilikuwa zimekatika na kuunganishwa vibaya: mtu anafungua mlango, mara yuko juu ya farasi. Basi paroasi ilimweka mtu kando ya kitambaa cheupe, na kikuza sauti mkononi, atueleze kwa Kiswahili chetu. Mtu huyo, ndiye Musemaji, hakujua Kifaransa kupita cha salamu. Alichokijua ni sisi.

Hakuangalia kitambaa. Alisimama akikipa mgongo, uso wake kwetu, na mwanga wa filme ukimpita begani. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kumuuliza, nilimuuliza anajuaje kinachotokea huko nyuma yake. Akanishangaa.

"Mudogo, mi siangaliaka filme," akasema. "Niko naangaliaka bantu."

Na kweli. Akiona akina mama wamejifunika vitambaa mdomoni, alijua mtu mbaya ameingia. Akiona vijana wanasimama kwenye viti, alijua bunduki zimetoka. Mengine alitunga. Alikuwa mwongo mkubwa, nasema wazi, na sijapata kumwona mwongo mwingine aliyefanya kazi kwa bidii namna ile.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwapa watu wa filme majina. Alisema mtu asiye na jina hamwogopeshi mtu wala hamchekeshi mtu. Basi mwenye farasi mweupe alikuwa fundi baiskeli wa avenyu ya nyuma. Mzungu mnene anayepigwa chupa kichwani alikuwa mwenye baa. Bibi arusi anayetoroka alikuwa binti wa katekista, na katekista alikaa pale pale mstari wa mbele akicheka mpaka akalia. Kutajwa kulikuwa heshima. Watu walimletea kuku, walimletea kinywaji cha munkoyo kwenye kidumu, wakimwomba, Musemaji, Jumapili hii unitie. Alikula kuku, akanywa munkoyo, halafu akamtia mwingine.

Mimi alinitia mara moja. Nilikuwa nimepata baiskeli yangu ya kwanza ya kubebea makala, na yeye aliiona. Jumapili ile kijana mmoja wa filme alivuka mto na farasi wakati wote wengine wameogopa, na Musemaji akataja jina langu. Kwa juma zima akina mama waliacha makala ya wengine, wakasema wanataka ya yule aliyevuka mto. Biashara yangu ilianza pale. Sikatai.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Sauti ile iliyotikisa bati la sale, mezani kwake haikufika upande wa pili wa meza. Mke wake alizoea kumwambia aseme tena, na yeye hakusema tena, alinyoosha kidole kwenye sahani. Hakula kitu kabla ya kusema, maji ya moto na sukari tu. Kikuza sauti alikilaza kitandani, kimefungwa kwenye taulo, upande wa ukuta, na mke alilala katikati kama mgeni. Viatu alivipaka rangi kila asubuhi, hata miaka ile ambayo soli ilikuwa karatasi. Alikuwa na majivuno. Na mtu huyu aliyetisha kata nzima aliogopa sindano. Homa ikimshika, alikunywa majani machungu, alijifunika mablanketi manne, alikataa dispensere. Watoto wake walichomwa sindano yeye akiwa amesimama nje, mgongo kwenye ukuta, macho amefumba.

Sasa nifike kwenye batumbula.

Wazazi wetu walituambia juu yao. Ni watu wanaotumwa kukamata wenzao, wanawachoma, wanawavuta damu na mpira, na aliyevutwa anakuwa zuzu, anawafuata bila kamba. Kila nyumba ilikuwa na mjomba aliyeponea chupuchupu. Kwa hiyo paroasi ilipoleta filme za yule bwana mkubwa wa ng'ambo, mweupe, mwenye joho jeusi na meno marefu, anayelala kwenye sanduku la maiti, hatukuhitaji mtu atueleze ni nani. Musemaji alisema neno moja tu kwenye kikuza sauti, kwa sauti ya chini: Mutumbula. Sale yote ikavuta miguu juu ya viti.

Filme hizo zilikuwa kazi kweli. Ukuta na kivuli cha vidole vinavyopanda. Mlango unaolia peke yake. Hakuna anayecheka. Nilirudi nyumbani nikipita katikati ya barabara, mbali na miti, na nilikuwa kijana wa kubeba gunia zima. Woga ule ulikuwa safi. Nauheshimu mpaka leo.

Bwana huyo alikuwa na mtumishi, mtu mwembamba anayetangulia na mfuko mkononi kumtafutia damu. Na hapa kwetu alikuwapo mtu mwembamba mwenye mfuko. Alifanya kazi dispensere, kwenye labo. Aliwachoma watu kidole, akaangalia damu kama ina malaria. Alikuwa rafiki wa Musemaji, rafiki wa kula naye, mtu wa kucheka sana. Nitamwita Mutu wa Labo. Yeye naye kila juma alilalamika: fundi baiskeli umemtia, mwenye baa umemtia, mimi utanitia lini? Basi Jumapili moja, mtumishi alipotokea na mfuko wake, Musemaji akasema, huyu munamujua, anapita kwenye avenyu yenu, anafanya kazi kwenye labo. Akataja jina.

Mutu wa Labo alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Alisimama, akainua kofia, akacheka. Wachache walicheka naye. Wengine walimwangalia kofia, wakamwangalia mfuko.

Kesho yake hakuna aliyenyoosha kidole achomwe. Mama mmoja alivuka barabara na mtoto alipomwona. Halafu mtoto wa mtu akafa na homa, mtoto ambaye alichomwa kidole kabla ya ile filme, na mambo yakaharibika. Jina la Mutu wa Labo liliandikwa kwa makala kwenye ukuta wa nyumba yake, na chini yake neno lile. Labda makala yalikuwa yangu, maana kata nzima ilinunua kwangu. Mawe yalianguka kwenye bati lake. Kabla ya mvua, alipakia mke, watoto na kitanda, akahamia Kasungami, akashika jembe. Mtu wa labo, na koti jeupe, akashika jembe.

Hapo ndipo Musemaji alianza kazi ya pili ya maisha yake, ambayo hakuna aliyemwomba na ambayo ilimshinda kwa zaidi ya miaka arobaini: kumvua mwenzake jina lile. Alisimama kwenye misa baada ya matangazo, akasema ulikuwa mchezo. Watu walisema kumbe naye wamemvuta damu, ona anavyoongea. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Walimpa kiti, walimpa maji, walimwambia tumesikia, na akitoka waliwaonya watoto. Aliacha kusema filme za Mutumbula. Wakasema unaona, ameogopa. Baadaye video zikaja, sale ikafungwa, ikawa ghala la viti vibovu, na yeye akabaki msemaji wa arusi na wa kilio. Kwenye kila arusi, kabla ya keki, aliingiza neno juu ya Mutu wa Labo. Vijana waliolewa pombe walipiga makofi. Hawakujua anasema nini.

Na kule Kasungami jina lilifika kabla ya jembe kushika kutu. Mimi nanunua mahindi huko kwa ajili ya mulini zangu, mashine za kusaga, kwa hiyo najua. Shamba lake ni zuri, lenye mistari iliyonyooka kama vile alivyopanga vichupa. Lakini nikiuliza njia, watoto waliniambia, kwa Mutumbula? Pita hapa. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama mtu anavyosema kwa fundi cherehani. Hilo ndilo lilinikera zaidi: lilikuwa limeshakuwa jina.

Miaka miwili iliyopita mjukuu wake wa kike alipata mchumba, kijana wa hapa Kampemba. Familia ya kijana ilileta barua ya posa, ikanywa, ikacheka. Walipokuwa wanatoka, bibi wa kijana akauliza jina la babu. Walipotajiwa, bibi akasimama barabarani, akakumbuka. Hawakurudi. Walituma mtu aseme kijana amepata safari.

Habari ile mimi ndiye niliyemletea Musemaji. Alikuwa anapaka kiatu rangi. Aliendelea kupaka kiatu kile kile mpaka nikaaga.

Ndiyo maana siku yule binti wa kamera alipokuja, hakumfukuza. Mimi ningemfukuza.

Binti ana kama miaka thelathini, amesoma mbali, ana suruali iliyochanika magotini kwa kupenda. Alikuwa amesikia kwa nyanya yake habari za Musemaji, na alitaka kutengeneza filme ya Mutumbula wa sasa, hapa hapa Lubumbashi, ya kuchekesha, juu ya kukumbuka zile za zamani. Alitaka Musemaji, mzee wa karibu miaka themanini, awe Mutumbula mwenyewe. Tena siku ya kuionyesha asimame kando ya kitambaa, aseme kama zamani. Akaja na kwangu, kwa sababu mimi nina grupe ya umeme, jenereta, na mimi nina unga.

"Papa, hii iko heshima," aliniambia. "Vitu vyote vya zile filme za kale viko ndani. Kivuli, mulango, joho, vyote."

Vilikuwamo, ndiyo. Nilikwenda kuangalia, kwa sababu grupe yangu siiachi mikononi mwa watu. Niliona joho: lile vijana wanalovaa siku ya kupokea diplome, limeshonewa kitambaa chekundu cha dirisha ndani. Sanduku la maiti lilikuwa frigo, jokofu bovu lililolazwa chali. Popo alikuwa mwavuli uliovunjika, unavutwa kwa uzi. Ukungu walitengeneza kwa kuchoma majani mabichi na kipande cha tairi, na sisi wote tukakohoa mpaka machozi. Damu ilikuwa tomate ya kopo na mafuta ya mawese. Baada ya saa moja ilianza kunuka, nzi wakatua kwenye kidevu cha mzee, na binti akasema waache nzi, wamependeza. Uso wake walimpaka unga. Unga wangu, wa kula.

Na hadithi yenyewe. Bwana Mutumbula anakaa kwenye nyumba kubwa isiyo na umeme, anagonga kwa majirani kuomba kuchaji telefone. Anakwenda kuwinda kwa pikipiki ya abiria, ameshika joho lisiingie kwenye gurudumu. Anamwinamia mwanamke shingoni, na mwanamke huyo anauza ndakala, ananuka samaki, basi Mutumbula anatapika. Walirudia mara nyingi kule kutapika. Walimpa uji wa kutapika. Nilimwangalia mzee niliyemheshimu toka utoto akitema uji kwenye majani, watoto wa kamera wakicheka wameshika mbavu. Kuwakumbuka waliokufa kwa kuwavalisha kaptula za kuchekesha, mimi siiti heshima. Ninaita matusi.

Nilimvuta pembeni, nyuma ya frigo. Nikamwambia, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa: "Yaya, hii bintu iko bucafu. Ulisimama mbele yetu, bantu wakakojoa mu suruali. Leo unavaa meno ya plastiki?"

Akayatoa meno, akayapangusa kwenye suruali yake, hata hilo lilinichefua, akayatia mfukoni.

"Wewe ulikuwa unaogopa, mudogo?"

Nikasema niliogopa sana.

"Ule woga wako njo ulifukuza muntu mu nyumba yake," akasema. "Sasa acha banicheke."

Nikamjibu kwamba kuchekwa kwake hakutarudisha posa ya mjukuu wa mtu. Alirudisha meno, akauliza kama kidevu bado kina damu ya kutosha.

Kabla ya siku ya kuonyesha, alinituma Kasungami. Hakuthubutu kwenda mwenyewe. Miaka ile yote hakuthubutu. Nilimkuta Mutu wa Labo anapukuchua mahindi, mwembamba kama zamani, mgongo umepinda. Nikampa ujumbe: rafiki yako anakuomba uje kwenye sale Jumapili, ukae popote.

"Mu ile sale?" akasema. "Ile sale mi nilishaimaliza."

Akaendelea kupukuchua. Nikakaa kidogo, nikapima mahindi yangu, nikaondoka. Sikumlaumu.

Jumapili ile sale ilijaa, saa tisa ya mchana. Madirisha tuliziba kwa magunia yangu ya makala. Vijana walikaa chini, wazee tukakaa kwenye viti vyangu vya kukodisha. Walikuwapo wengi wa zamani: fundi baiskeli na fimbo, binti wa katekista aliye sasa nyanya wa watu. Na yule bibi wa posa, mstari wa pili, amekuja na wajukuu wote. Musemaji alisimama mahali pake, mgongo kwa kitambaa, viatu vinang'aa. Binti wa kamera alikuwa amemletea mikro mpya. Akaikataa, akakunjua taulo, akatoa kikuza sauti chake.

Filme ilikuwa mbaya vile vile kama nilivyoiona ikitengenezwa. Naisema tena ili mtu asifikiri nilibadilika: ilikuwa mbaya. Lakini watoto waligaragara kwa kicheko, na mzee aliwapeleka alikotaka. Pikipiki aliipa jina la dereva wa pale. Muuza ndakala alikuwa mama fulani wa soko, naye akasimama akainama kusalimu. Sikuwa nimeisikia sauti ile ikiwa katika kazi yake tangu nilipokuwa kijana. Ilinipita mwilini. Hilo pia nasema.

Halafu mtumishi akatokea. Binti wa kamera alikuwa amemweka kwa sababu filme za kale zote zilikuwa naye: mtu mwembamba, mfuko mkononi, anatangulia.

Wazee tuliokaa kwenye viti tulijua. Nilisikia pumzi za watu. Halafu nyuma yangu mzee mmoja akalisema lile jina la Mutu wa Labo, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayemkumbusha padri neno la sala. Mwingine akalirudia. Yule bibi wa mstari wa pili akaitikia kwa kichwa. Wakamngojea Musemaji alitaje.

Musemaji hakuwa anaangalia wazee. Alikuwa anaangalia mlangoni. Nikageuka. Mutu wa Labo alikuwa amesimama pale, mkono kwenye fremu, kofia kichwani, vumbi la Kasungami kwenye suruali.

"Huyu wa mufuko simujui," Musemaji akasema kwenye kikuza sauti. "Ni kijana wa kamera, balimupaka bunga. Muntu wa labo hakukuwa mu filme hata siku moja. Alikuwa rafiki yangu, alipenda kucheka, njo hii tu."

Kitambaani, frigo ikafunguka, na Bwana Mutumbula akakaa, meno nje, mwavuli ukipita juu ya kichwa chake. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Musemaji akatupa sisi mgongo. Akageuka, akaangalia kitambaa, akamnyooshea kidole yule mzee wa unga na tomate.

"Mutumbula njo huyu," akasema. Akataja jina lake mwenyewe. Akataja na jina la baba yake, akataja avenyu na namba ya nyumba. "Munamujua. Kila siku munapita kwake. Meno anayo mu mufuko. Tena anaogopa sindano."

Sale ikapasuka kwa kicheko. Kila Mutumbula alipotokea baada ya hapo, alilitaja tena jina lile, na watoto wakalishika, wakawa wanalitaja kabla yake, wote pamoja, wakipiga miguu chini. Alipotapika uji mbele ya muuza ndakala walilipiga kelele kama jina la mchezaji wa mpira. Nilikaa nimekunja mikono. Mtu alikuwa anachukua jina lake safi, la baba yake, analilaza kwenye takataka ile mbele ya wajukuu zake, na watu wanacheka. Nilichukizwa, na sikuweza kuondoa macho.

Jina lilipotajwa mara ya kwanza nilimwona bado yuko mlangoni; nilipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Mutu wa Labo hakungoja mwisho, hakusalimu. Taa zilipowaka, Musemaji alifunga kikuza sauti chake kwenye taulo, akaniuliza kitu kimoja tu: alisimama pale mpaka wapi? Nikamwambia mpaka frigo ilipofunguka na jina likatajwa. Akaitikia, akaomba maji.

Tangu Jumapili ile jina limekaa. Filme iko kwenye telefone za watu, watoto wameijua kwa moyo. Akipita barabarani wanamwita, Mutumbula, na yeye anawaonyesha ufizi, maana meno ya kweli amebakiwa na machache. Watoto wake wa kuzaa wamekasirika; mkubwa alikuja kumwambia amewaharibia jina la ukoo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa ile sauti yake ya mezani akasema jambo ambalo mwana hakulisikia, wala baba hakulirudia.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Alikuwa kitandani na homa, mablanketi yale, kikuza sauti upande wa ukuta. Kidole chake kilikuwa kimefungwa pamba. Wamempeleka labo kwa nguvu, mke akaniambia, na alilia. Watoto wa jirani walijaza dirisha, na mmoja akawa anawatangazia wa nyuma kwamba leo Mutumbula ndiye amevutwa damu.

Nikakaa. Nilikuwa nimetoka kununua mahindi, viatu vyangu vilikuwa na udongo mwekundu wa shamba. Aliuangalia ule udongo muda mrefu.

"Kule Kasungami," akasema, "banamuita namna gani sasa?"

Nilimwambia nilichosikia, kwa sababu mimi sijui kupamba. Nilikuwa nimeuliza njia makusudi, kwa watoto waliokuwa wanachunga mbuzi. Niliwauliza kwa Mutumbula ni wapi. Wakacheka, wakasema Mutumbula anakaa Kampemba, yule wa frigo, na hapa hakuna mwingine. Nikawauliza basi shamba lile la mistari iliyonyooka ni la nani. Wakanitajia jina lake, jina tupu, na Papa mbele yake. Wale wa posa hawakurudi, hilo pia nilimwambia, na kwa upande wangu nasema afadhali.

Musemaji alifumba macho. Aliomba nirudie lile jina kama watoto walivyolitaja, na Papa mbele. Nikarudia. Dirishani wakamwita kwa lake, na akainua kidole chenye pamba.

Nilipokuwa naondoka alinipa kikuza sauti, na taulo lake, na meno. Meno nilisema sitaki. Aliyatia mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu.

Leo nina mulini mbili za kusaga, moja Kampemba, moja kata ya Annexe. Nina depo ya unga yenye bati jipya. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma na kisima ndani ya uwanja. Nina grupe ya umeme, na viti vya kukodisha, na baiskeli ile ya kwanza, haina tairi, nimeitundika ukutani. Nina mke, watoto saba, wote walimaliza shule. Nina kikuza sauti kimoja ambacho bado kinasema. Nina meno ya plastiki, yana tomate iliyokauka pembeni, yananuka. Mara mbili nimeyapeleka kwenye takataka, mara mbili nimeyarudisha.